Nyumba ya Mwisho Kupigwa Picha

Ujumbe wa serikali uliingia kwenye simu ya Unaisi asubuhi, akiwa anamnyonyesha mtoto chini ya turubai. Akausoma, akaurudia, kisha akacheka kicheko ambacho baba yake hakukipenda hata kidogo.

"Kuna nini?" akauliza Kaliova. Alikuwa amechuchumaa mlangoni akimenya muhogo, ingawa kuita pale mlangoni ilikuwa mazoea tu. Mlango wenyewe kimbunga kilikuwa kimeondoka nao.

"Wanasema nyumba yetu imepata uharibifu mdogo."

"Nyumba gani?"

"Hii hii, baba."

Kaliova akainua macho. Kilichobaki cha nyumba yake kilikuwa sakafu ya mbao juu ya vigingi, ukuta mmoja na kipande cha wa pili, na turubai la msaada la rangi ya bluu ambalo lililetwa likiwa tayari limetoboka. Kupitia tundu moja aliona wingu. Kupitia lingine aliona mnazi uliokatwa kichwa.

"Hebu soma tena. Polepole."

"'Ndugu mwombaji. Baada ya kuipitia picha uliyopakia kwenye mtandao wetu, nyumba yako imeonekana kuwa na uharibifu mdogo. Unastahili pakiti moja ya misumari ya bati. Asante kwa uvumilivu wako.'"

"Misumari ya kupigilia bati lipi?"

"Hawajasema."

"Labda wanataka tujipigilie wenyewe ukutani, upepo ujao usituchukue." Akautupa muhogo ndani ya sufuria, maji yakamrukia. "Kumbe uvumilivu wangu wanaujua. Mabati yangu ndiyo hawayajui."

Unaisi hakucheka tena. Alimlaza Salote begani na kumpigapiga mgongoni, na wote wawili wakasikiliza kile walichokuwa wakikisikiliza kila siku: kifua cha mtoto kikipiga mluzi. Mama mkwe wake aliyeko Labasa, kisiwa kingine, alikwisha sema. Mvua zikianza na hakuna bati, mjukuu wake hakai chini ya turubai. Aje Labasa kwa baba yake mkata miwa, na mama yake aje naye. Alisema kwa upole, kama wanavyosema watu wenye paa. Na Kaliova alijua kwamba wakishakwenda hawarudi. Yeye atabaki na sufuria, na kaburi la Salanieta nyuma ya nyumba. Mkewe alikuwa amekufa akiingojea boti ya zahanati, siku ambayo mafuta ya boti hiyo yalitumika kumpeleka mkubwa mmoja kuvua samaki kwa starehe.

"Mama mkwe amepiga tena," alisema Unaisi bila kumtazama.

"Mwambie nyumba inakuja."

"Nilimwambia hivyo mwezi uliopita."

"Basi mwambie misumari imeshafika."

*

Kufikia mchana ikajulikana kwamba kijiji kizima cha Navunikau kimepewa misumari. Watu wakakusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, ambao nao ulikuwa umebaki nusu, wakaketi mkekani upande wenye kivuli. Sevanaia, binamu yake Kaliova na mtani wake tangu utotoni, akamsogelea na kumgonga goti.

"Binamu, nimesikia na wewe umetajirika."

"Kaa mbali na mali yangu."

"Sikiliza. Wewe una pakiti, mimi nina pakiti. Tuoane. Tutajenga jumba la misumari mitupu. Ila wewe ndiye utalalia upande wa ncha, maana ngozi yako ni kama ya nguruwe."

"Na wewe ndiye nyundo, maana kichwa hakina kitu ndani."

Watu wakacheka, lakini si sana. Mbele yao mwenyekiti wa kijiji, Emosi, alikuwa amesimama na tai yake shingoni, tai ambayo kimbunga, kwa sababu zake chenyewe, hakikuichukua. Nyumba ya Emosi ilikuwa ya matofali. Ilipoteza bati moja la barazani na chungu cha maua. Naye pia alipewa misumari, na jambo hilo lilimuuma kuliko watu wote.

"Ndugu zangu, mimi nilifuata taratibu," alisema. "Mnakumbuka. Tulifanya kwa pamoja, kama tunavyofanya mambo yetu yote."

Walikumbuka. Serikali ilipotangaza kwamba mwenye nyumba iliyovunjika apakie picha yake kwenye mtandao, Navunikau hawakujua kulifanya jambo hilo mmoja mmoja. Huko, kama ni kukokota wavu, wote wanakokota. Kama ni kujenga kanisa, wote wanabeba mchanga. Kwa hiyo wakapanga siku moja, wakapanda wote hadi shuleni, mahali pekee penye mtandao, na Mwalimu Vasiti akaketi kwenye kompyuta ya shule. Kila mtu alikuja na picha yake. Kompyuta ikauliza faili linaitwaje. Mwalimu akamuuliza mtu: hii ni nini? Mtu akajibu: nyumba. Mwalimu akaandika "nyumba". Akaja wa pili. Hii ni nini? Nyumba. Na wa tatu, hivyo hivyo, mpaka jioni.

Emosi yeye alisimama kando ya mlango siku nzima, mikono nyuma, akiwapisha. "Watu wangu kwanza," alikuwa akimwambia kila anayepita. "Kiongozi anakuwa wa mwisho." Alilisema kwa sauti ya kutosha kusikika hadi darasa la pili. Na kweli alikuwa wa mwisho. Alipakia picha ya baraza lake lenye pengo la bati moja, akapigiwa makofi, akashuka mlima akiwa ameridhika na unyenyekevu wake.

Sasa simu zikalia tena, za wote kwa mpigo mmoja, kama vyura. Mwalimu Vasiti ndiye aliyesoma kwa sauti: "'Imegundulika kuwa waombaji wote wa kijiji chenu wamewasilisha picha moja ya nyumba moja. Maombi yenu yamesimamishwa kwa tuhuma ya udanganyifu. Mna haki ya kufika ofisini kujieleza.'"

Mtoto mmoja akapiga chafya.

"Udanganyifu?" alisema Sevanaia. "Sisi? Sisi ambao hatuwezi hata kudanganya umri?"

Emosi akalegeza tai. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Inabidi mtu aende Suva, kwa wakubwa. Mtu wa kutuwakilisha. Mimi kama kiongozi ningekwenda, lakini kijiji kisibaki bila kiongozi wakati kama huu." Macho yake yakatembea ukumbini na kutua pale alipokuwa ameamua tangu mwanzo yatue. "Kaliova."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ni mgane. Una mjukuu mgonjwa. Watakuonea huruma."

"Na wakinifunga?"

"Hawawezi kumfunga mgane," alisema Emosi kwa uhakika wa mtu asiyejua anachosema.

Wakamfungia fungu zuri la mizizi ya kava, ile inayopondwa ikawa kinywaji cha heshima, lililonyooka na kufungwa kwa kamba ya ukindu, kwa sababu mtu haendi kwa wakubwa mikono mitupu akaanza kusema tu kama kasuku. Kwanza unaweka kava chini, wanaipokea, ndipo neno lako linakuwa na miguu.

*

Ofisi ilikuwa ghorofani, baridi kama ndani ya samaki wa barafu. Kaliova alikaa benchini na fungu lake magotini tangu walipofungua hadi watu wa ndani walipokwenda kula wakarudi. Viatu alivyoazimwa na Sevanaia vilimbana. Alipoitwa hatimaye, alimkuta ofisa mmoja mnene wa uso aitwaye Bwana Drauna, shati la maua, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa mtu wa visiwani kama yeye, kwa jina na kwa pua. Kaliova akafurahi. Akapiga magoti, akaliweka fungu la kava zuliani, na akaanza maneno ya heshima kama baba yake alivyomfundisha.

"Mzee, mzee, inuka," alisema Drauna. "Hatufanyi hivyo hapa. Soma ukutani." Ukutani palikuwa na bango. Kaliova aliacha shule darasa la nne, na bango lilikuwa na maneno marefu. "Linasema zawadi haziruhusiwi. Rushwa hiyo."

"Si zawadi, bwana. Ni kubisha hodi."

"Hodi inabishwa kwa mdomo. Askari! Hebu toa huu mzigo."

Askari akalichukua fungu kwa vidole viwili, akaenda kuliegemeza kwenye kona, ndani ya ndoo ya kudekia. Kaliova aliliona likisimama mle, ncha zake ndani ya maji meusi. Alipewa kiti.

Drauna akaigeuza kompyuta yake. "Hili ni jina lako?"

"Ndiyo."

"Na picha hii?"

Lilikuwa baraza la Emosi. Ukuta mweupe, madirisha ya vioo, pengo la bati moja.

"Hiyo ni nyumba ya mwenyekiti wetu."

"Kwa nini umetuma picha ya nyumba ya mwenyekiti?"

"Sikuituma. Mimi nilituma yangu. Haina paa."

Drauna akabonyeza. Likaja jina la Sevanaia, na chini yake baraza la Emosi. Akabonyeza tena. Jina la mjane Torika, baraza la Emosi. Mchungaji, baraza la Emosi. "Kijiji kizima mnaishi nyumba moja? Mnalalaje, mnapangana kama dagaa?" Akacheka mwenyewe, akaangalia kama wenzake wamesikia.

"Bwana, wewe ni mtu wa visiwani. Unajua kimbunga kile. Hakikuacha baraza."

"Mimi najua ninachokiona hapa."

Hata hivyo akamwita kijana wa kompyuta, kwa kuwa mzee huyu alionekana hataondoka. Kijana akaja na waya masikioni, akainama, akabonyeza huku na huku, kisha akaanza kucheka.

"Ah! Wote wameandika 'nyumba'. Mafaili yote ya kijiji kimoja yanaingia chumba kimoja. Likija faili lenye jina ambalo limeshamo, linakalia la zamani. La zamani linafutika. Kwa hiyo limebaki la mwisho tu, na kila jina linaelekeza kwa hilo hilo." Akamtazama Kaliova kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia dukani. "Mlitakiwa kila mtu aweke jina lake la kipekee, mzee."

"La mwisho linakalia yote," alisema Kaliova taratibu.

"Ndiyo hivyo."

"Basi mashine ndiyo imekosea."

"Mashine haikosei. Inafanya ilichoambiwa."

"Nani aliiambia?"

Kijana akamtazama Drauna. "Kampuni iliyoitengeneza."

"Iko wapi hiyo kampuni, niende nikaongee nayo?"

"Ng'ambo."

Kaliova akatafakari hilo. "Sikiliza, mwanangu. Kijijini kwetu kuna watu watano waitwao Jone. Jone wa tano alipozaliwa, wale wanne hawakufutika. Mama zao waliendelea kuwajua na kuwapa chakula. Hii mashine yenu ya mamilioni inashindwa na mama wa Navunikau?"

Kijana akajisahau, akacheka kicheko cha kweli. Drauna hakucheka.

"Si irekebishwe, basi," aliendelea Kaliova. "Si mmeshajua ugonjwa."

"Kurekebisha ni mkataba mwingine," alisema Drauna. "Na kwanza kosa ni la mtumiaji. Tumeshaweka tangazo kwenye mtandao, kila faili liwe na jina lake, herufi nyekundu kabisa." Akaandika kitu, akapiga muhuri. "Nitakuja mwenyewe kuhakiki. Nitapiga picha kwa mkono wangu mwenyewe, ili tusiwe na ujanja wa vijijini. Siku nitakayokuja, kila mtu awe kwake."

"Nilidhani ukiniambia unaniamini ingetosha."

"Mzee, mimi naweza hata kukuamini. Lakini mtandao hauamini mtu."

Alipotoka aliliopoa fungu lake la kava ndoo­ni. Askari alimtazama bila haya. Njia nzima ya basi, na baadaye ndani ya mashua, mizizi ile ilimdondokea magotini maji ya kudekia vyoo vya wakubwa.

Nyumbani aliianika juani juu ya sakafu yake. Unaisi akaukunja uso.

"Baba, si uitupe tu? Inanuka."

"Haitupwi," alisema Kaliova. "Mwenyewe anakuja."

*

Drauna alikuja wakati mawingu ya msimu yalikuwa yamekwisha jipanga juu ya mwamba wa bahari. Kwa hiyo mama mkwe wa Labasa naye alikuwa amekwisha kata tiketi mbili za meli, ya Unaisi na ya mtoto. Begi la Unaisi lilikuwa limefungwa na kuwekwa kando ya ukuta uliobaki. Hakuna aliyelitaja.

Ofisa alishuka kwenye mashua akiwa na viatu vyeupe na kishikwambi kikubwa ndani ya mfuko wa plastiki. Emosi alimpokea kwa tai na hotuba. Mpango wake ulikuwa umeshatangazwa: mgeni atazunguka nyumba zote, kisha amalizie kwake, apige picha ya baraza, kisha ale samaki wa tui la nazi na magimbi kwenye baraza hilo hilo. "Kiongozi anakuwa wa mwisho," alisema, akiwa hajajifunza chochote.

Kaliova alipewa kazi ya kumshikia mgeni mwavuli. Kwa hiyo alikuwa begani pake walipofika kwa mjane Torika, ambaye alikuwa akiishi ndani ya tangi la maji lililopinduka. Drauna akapiga picha. Kishikwambi kikauliza jina. Na Drauna, kwa kidole chake kinene, akaandika: nyumba.

Kaliova akadhani macho yamemdanganya. Walikwenda kwa Sevanaia. Picha. Kidole kikagusa herufi mbili tu, neno lililobaki likajileta lenyewe. Nyumba.

"Inajua kuandika yenyewe?" aliuliza Kaliova.

"Ukishaiandikia mara moja inakukumbukia," alisema Drauna kwa fahari, kama aliyeizaa. "Hakuna kupoteza muda. Nikipata mtandao zitajituma zenyewe, moja moja, kwa foleni, kama nilivyozipiga."

Kaliova hakuwa na shule kubwa, lakini umbo la neno lile alilijua vizuri. Lilimgharimu safari ya Suva. Alitembea hatua chache, mwavuli ukimwinamia mgeni hadi ukamgusa shingoni. Hawa ndio walioikataa hodi yake. Hawa ndio waliomwita mdanganyifu. Alikuwa na neno moja la kumwambia ofisa huyu, neno la kumsaidia, na lilikuwa limefika hadi kwenye meno. Kisha akaikumbuka ile ndoo.

Akalimeza. Badala yake akamgeukia Emosi.

"Mwenyekiti, samahani, mimi ni mtu mdogo. Lakini hivi ni sawa mgeni wa serikali apite kwenye turubai zetu hizi chafu, afike kwako viatu vimejaa tope, amechoka, picha yako aipige mkono unatetemeka? Mara ile ulituachia sisi mbele. Ona aibu iliyotupata. Ukubwa upewe nafasi yake."

Emosi akasimama. Neno "ukubwa" lilikuwa limemwingia kama uji wa moto mtu mwenye njaa.

"Na Kaliova leo anasema ya maana," alisema. "Bwana Drauna, tupite kwangu kwanza. Hapa karibu tu."

"Na kwako, binamu?" Sevanaia akamwuliza Kaliova kwa sauti ya chini, macho yamemtoka. "Tangu lini unambusu Emosi miguu? Umeugua?"

"Mimi niwe wa mwisho. Nyumba yangu ndiyo aibu kuliko zote."

"Hilo ni kweli. Hata kuku wangu wanaikwepa."

Basi ikawa hivyo. Baraza la Emosi likapigwa picha katikati, kati ya Sevanaia na mchungaji, na Emosi akiwa amesimama mbele yake na tai. Nyumba zikapita. Mvua ikaanza kunyesha rasharasha. Mwishoni wakafika chini kabisa ya kijiji, pale pa Kaliova, na ofisa akapanda sakafuni, akasimama chini ya tundu kubwa kuliko yote, kwa kuwa hakujua wapi pa kusimama. Maji yakamwingia kwenye kola.

"Hapa mnaishi?"

"Tunaishi," alisema Unaisi. Salote alikohoa begani kwake, akakohoa tena mpaka akawa mwekundu. Drauna akarudi nyuma hatua moja na kuziba mdomo kwa leso. Akapiga picha: ukuta mmoja na nusu, turubai, begi lililofungwa. Nyumba, akaandika.

"Tumemaliza," alisema.

"Bado kidogo!" Emosi alikuwa amekuja mbio na mwavuli wake mwenyewe. "Bwana Drauna, nimekumbuka. Choo changu cha nje, bati lake limelegea. Tukapige picha moja tu ya choo, tufunge kazi."

Drauna akashusha pumzi, akakiwasha tena kishikwambi. "Haya. Moja tu."

Kaliova alihisi moyo ukimshuka hadi kwenye vigingi. Aliona kijiji kizima, wajane na wazee na mtoto mwenye kifua, wote wamekaliwa na choo cha Emosi. Akapiga magoti pale pale kwenye maji.

"Bwana mkubwa, kava ya kukuaga imeshapondwa. Iko hapa. Mgeni haagi Navunikau koo likiwa kavu. Suva ulinikatalia, nikaelewa, ofisi ina bango lake. Hapa hakuna bango."

Watu walikuwa wameshafuata, wamejaa kuzunguka sakafu. Drauna akawatazama. Alikuwa mtu wa visiwani, kwa jina na kwa pua, na alijua kukataa mara ya pili, mbele ya watu, kunaitwaje. Akaketi. Emosi naye, kwa kuwa ni kiongozi, hakuwa na budi kuketi.

Sevanaia akachukua kazi ya kuchota bila kuambiwa chochote. Alimtazama binamu yake usoni mara moja, ikamtosha. "Kifuu cha bosi kiwe kikubwa!" akasema. Drauna akapiga kofi moja kama desturi inavyotaka, akanywa, akakunja uso.

"Ina ladha yake, hii."

"Ni ya udongo wa huku," alisema Kaliova. "Ilifika hadi Suva ikarudi."

"Kifuu kingine cha bosi!" alisema Sevanaia. "Bosi amesafiri mbali! Mwenyekiti, na wewe, au tai inakubana?"

Waliendelea hivyo. Kila Emosi alipofungua mdomo kutaja choo, kifuu kilimfikia. Mwenye mashua akapiga kelele kutoka ufukweni kwamba maji yanapwa na yeye hangojei serikali wala Mungu. Drauna akainuka, midomo imekufa ganzi kwa kava, akatabasamu kwa kila mtu, akashikwa mikono hadi mashuani. Kishikwambi chake kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, kimefungwa.

Unaisi alikuwa ameyaona yote akiwa pembeni. Watu walipoondoka, alimsogelea baba yake.

"Baba, umefanya nini?"

Kaliova akamweleza.

"Huo si udanganyifu?"

"Picha ni ya kweli au ya uongo?"

"Ya kweli."

"Nyumba ni yangu au si yangu?"

"Yako."

"Basi. Mengine wameandika wao, kwa mkono wao wenyewe. Zile herufi nyekundu si wanazisoma?" Akaosha kifuu. "Lifungue hilo begi. Linanichosha macho."

"Nitalifungua wakijibu."

*

Walijibu. Kila simu ya Navunikau ililia, na kila ujumbe ulikuwa mmoja: baada ya uhakiki uliofanywa na ofisa wetu, nyumba yako imeonekana imeharibika kabisa, unastahili nyumba mpya. Torika wa kwenye tangi aliupata. Mchungaji aliupata. Emosi, wa nyumba ya matofali, aliupata. Safari hii hakuna aliyegundua kwamba picha ni moja. Aliyezipiga ni ofisa, na ofisa hatuhumiwi.

Mbao na mabati vilishuka kwa meli ile ile ambayo ingemchukua Unaisi. Emosi alitoa hotuba ufukweni, akisema hii ndiyo faida ya kuwa na kiongozi mvumilivu na serikali inayoona mbali. Watu wakapiga makofi. Kaliova naye alipiga, kwa nguvu kuliko wote, hata Sevanaia akalazimika kumkanyaga mguu.

"Binamu, utajivunja mikono."

"Naogopa asiposikia atarudia."

Nyumba ya pili ya Emosi ilijengwa kando ya ile ya matofali, karibu na gati, ambapo wageni wanashuka. Haina mtu ndani mpaka leo. Ndiyo iliyofunguliwa kwa utepe. Waziri mdogo alikuja akaukata, waandishi wakapiga picha, na Bwana Drauna akapewa cheti kwa uhakiki wa mfano. Chini kijijini hawakufika. Tope lilikuwa jingi.

Kaliova alipigilia bati la mwisho mwenyewe, kwa misumari ile ya pakiti moja, iliyoletwa hatimaye, kwa kuwa ya kwenye shehena ilikuja pungufu. Jioni hiyo hiyo simu ya Unaisi ikalia.

"'Ndugu mnufaika,'" alisoma, "'tafadhali pakia picha ya nyumba yako mpya kuthibitisha umeipokea.' Mwalimu Vasiti anauliza aandike jina gani."

"Mwambie amwachie Emosi awe wa mwisho. Anapenda."

Mvua kubwa ya kwanza ya msimu ikaanguka wakati huo, yote kwa mara moja, ikapiga bati kwa kishindo. Salote, ambaye tangu azaliwe alijua turubai tu, aliruka kifuani kwa mama yake na kulia kwa woga, akitazama juu kutafuta kinachomfokea. Unaisi alimziba masikio. Begi lake lilikuwa tupu, limetundikwa msumarini. Kaliova alikaa katikati ya sakafu kavu, akamwacha mtoto alie. Atazoea.